Namba ya Mstari wa Saba

Marjorie Ogden alimkuta mumewe sakafuni saa tatu kasorobo asubuhi, siku ya Alhamisi, kati ya sinki na mashine ya kumenya viazi. Ndoo ilikuwa imepinduka. Viazi vilikuwa vimetawanyika mpaka mlangoni, na mashine ilikuwa bado inanguruma kana kwamba hakuna lililotokea.

Mama huyo hakukimbilia kumshika. Alikuwa ameishi na duka la samaki na chipsi kwa miaka thelathini na moja, na alijua mashine ya chuma, maji na mtu aliyelala ni kitu gani. Alirudi mbele ya duka, akashusha swichi kuu, kisha ndipo akarudi kwa mumewe akapiga magoti na kulia.

Inspekta Hilary Sugden alifika muda mfupi kabla ya saa nne. Elland ni mji mdogo, na nje tayari palikuwa na watu wanane waliojifanya wanasubiri basi. Inspekta alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye ulimi wa moto na subira ndogo. Alivaa mifuko ya plastiki viatuni, akaingia chumba cha nyuma na kuinama karibu na daktari.

"Umeme?"

"Umeme," daktari akasema. Alifungua kiganja cha kulia cha marehemu, akaonyesha alama nyeusi. Halafu akaonyesha nyingine, nyuma ya kiwiko cha kushoto. "Umeingia hapa. Mkono wa pili ulikuwa umeegemea sinki. Umepita katikati ya kifua."

"Aliteseka?"

"Mwambie mkewe hapana."

Sajini Pickersgill, kijana mrefu mwenye mafua yasiyoisha, alikuwa ukutani anasoma karatasi iliyobandikwa juu ya boksi la umeme.

"Inspekta, duka hili lilikaguliwa wiki tatu zilizopita. Umeme wote. Wameandika hali ni ya kuridhisha."

"Nani kaandika?"

"W. Tordoff."

Marjorie alikuwa ameketi mbele, kwenye kiti cha wateja, na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Aliposikia jina hilo aliinua uso.

"Wilf? Wilf ndiye aliyesimama na Clifford siku ya harusi yetu," alisema. "Wanapiga pamoja kwenye bendi ya matarumbeta tangu wakiwa watoto. Wilf hawezi kukosea. Clifford hakumruhusu mtu mwingine aguse hata balbu humu ndani."

"Ulimwona akikagua?"

"Nilikuwa Scarborough kwa dada yangu wiki ile. Clifford ndiye aliyemfungulia."

Yaani shahidi pekee alikuwa ndiye huyo aliyelala kule nyuma. Sugden aliguna.

Mtaalamu wa umeme wa polisi, Mhandisi Naheed Qureshi, alifika kabla ya saa sita na masanduku mawili. Alikuwa mama wa makamo anayezungumza na mitambo zaidi kuliko anavyozungumza na watu. Alifungua, akapima, akatambaa nyuma ya mashine na tochi mdomoni. Baada ya saa moja na nusu akajifuta mikono, akamwita Inspekta.

"Ndani ya mota waya umechubuka, umeme ukagusa bodi la chuma la mashine. Hilo si kosa la mtu. Mashine zinazeeka."

"Basi ni ajali."

"Ngoja kwanza. Umeme ukivuja namna hii unatakiwa urudi ulikotoka kupitia njia ya ardhi. Njia ikiwa nyepesi, unakimbia mwingi kwa mpigo mmoja, breka, ile swichi ya usalama, inaruka kabla hujapepesa jicho. Mwenye duka anatukana, anamwita fundi, basi. Njia ikiwa nzito, umeme unachuruzika tu. Breka inadhani ni kazi ya kawaida, inanyamaza. Na lile bodi linabaki na umeme wake, linamngoja mtu."

"Na njia ya hapa?"

Qureshi alimwonyesha mita yake. "Ukinzani wa mzunguko mzima ni ohm kumi na nne nukta sita. Kwa breka hii, mwisho unaoruhusiwa ni ohm moja na kidogo. Ukigawanya voti mia mbili thelathini kwa kumi na nne nukta sita unapata ampia kumi na tano na ushei. Breka yenyewe ni ya kumi na sita. Haiwezi kuruka hata ikae hivyo mwaka mzima."

"Kwa nini nzito hivyo?"

"Duka la zamani. Nyaya zimepita ndani ya bomba la chuma, na bomba lenyewe ndilo njia ya ardhi. Kiungo kimoja nyuma ya mashine kimeliwa na kutu, ukikigusa kinacheza. Kukikaza na kuongeza waya mmoja ni kazi ya dakika ishirini."

"Kutu ya lini?"

"Hiyo ndiyo shida," alisema Qureshi. "Ni ya miaka. Wiki tatu zilizopita ilikuwepo hivihivi. Na karatasi pale ukutani, mstari wa saba, mashine ya viazi, imeandikwa sifuri nukta sita nne."

Hapo ajali ikabadilika sura. Aliyeandika namba ile ama hakupima, ama alipima akadanganya, na mtu alikuwa amekufa. Kuua bila kukusudia, kwa uzembe uliopindukia. Kifungo chake si cha mchezo. Chini ya karatasi, penye "aliyepima" na penye "aliyeidhinisha", palikuwa na saini moja tu. Ya Wilf Tordoff.

Walimkuta kwenye karakana yake, nyuma ya kanisa la Kimethodisti. Mzee wa miaka sitini na minane, mkubwa wa mabega, vidole vimepinda kwa baridi yabisi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alikuwa ameketi juu ya kreti na kofia yake mapajani. Kando yake alisimama mwanamume wa miaka arobaini na mitano, nadhifu, amevaa fulana iliyoandikwa *Tordoff na Crabtree*.

"Huyu ni Neville," Wilf alisema. "Nilimchukua akiwa na miaka kumi na sita, hajui hata kuvua ganda la waya. Sasa ananizidi."

"Usiseme hivyo, bosi," Neville akasema, akamwekea mkono begani. Ukiuona mkono ule ungeapa kwamba ni wa mtoto kwa baba yake.

Sugden alitoa karatasi iliyokuwa ndani ya mfuko wa plastiki. "Bwana Tordoff, saini hii ni yako?"

"Ni yangu, binti."

"Ulikagua duka la Clifford Ogden, Jumanne, wiki tatu zilizopita?"

Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Akamtazama Neville. Sugden aliliona jicho lile na halikumpendeza. Ni la mtu anayeuliza njia katika mtaa aliozaliwa.

"Neville anasema nilikagua."

"Nakuuliza wewe."

"Sikumbuki," Wilf akasema, na masikio yakamwiva mekundu kwa aibu. "Mungu wangu. Siikumbuki siku hiyo kabisa."

Kituoni, Neville Crabtree aliomba kuzungumza faragha. Alikaa wima, akanywa maji, akasugua macho.

"Sikutaka kulisema hili mbele yake, Inspekta. Bosi anasahau. Tangu kiangazi kilichopita. Anaacha zana kwa wateja, anasahau miadi. Mwezi wa kwanza alisahau siku ya kuzaliwa ya Clifford, miaka sitini na tano, bendi nzima ilikuwepo isipokuwa yeye. Clifford hakusema naye mwezi mzima."

"Na ukamwacha aendelee kukagua?"

"Ungemzuiaje? Jina lake ndilo liko kwenye gari."

"Mwandiko kwenye karatasi ni wako."

"Zote ni mwandiko wangu. Vidole vyake havishiki kalamu sawasawa. Ananisomea namba kutoka kwenye kijikaratasi, mimi naandika vizuri. Aliponisomea sifuri nukta sita nne, nikaandika sifuri nukta sita nne. Ningejuaje?"

"Wewe Jumanne ile ulikuwa wapi?"

"Halifax. Nikibadilisha taa kwa bibi mmoja. Muulizeni."

Waliuliza. Bibi mwenyewe alikuwa na miaka tisini na mmoja, akasema ndiyo, kijana mzuri, alikuja, Jumanne au Jumatano, alimletea na keki.

Sajini Pickersgill naye alirudi kutoka kwenye gari la mafundi na kitu cha ajabu: kitabu cha karatasi za ukaguzi kisichoandikwa hata namba moja, na kurasa tisa tayari zimesainiwa chini na Wilf, mahali pote pawili.

"Hii nini?" Sugden alimuuliza mzee.

"Nasaini kila Jumatatu, asubuhi, mikono ikiwa bado ina joto la maji. Ikifika jioni siwezi."

"Unasaini kabla ya kazi kufanyika?"

"Ni mimi na Neville tu, binti. Miaka ishirini na tisa. Nani mwingine ataziandika?"

Sugden alitamani kumzaba kofi na kumkumbatia, yote kwa mpigo mmoja. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na sita na watu waongo; wanaoamini namna hii walimchosha zaidi.

"Andika maelezo yangu," Wilf akasema ghafla. "Andika nilikosea. Kama Neville anasema nilienda, basi nilienda. Yule kijana hajawahi kunidanganya. Nimemuua Clifford na wala sikumbuki. Nifungeni. Marjorie anastahili kupata mtu wa kumlaumu."

"Sitaandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hayo si maelezo, mzee. Hiyo ni hisani."

Alimwacha aende nyumbani kwa dhamana, akarudi ofisini kwake na hasira. Pickersgill alimwona akipita akaficha sandwichi yake.

Kesho yake asubuhi alimwita Qureshi. Walitandaza mezani karatasi ya duka la Ogden, na kando yake karatasi nyingine arobaini za Tordoff na Crabtree za miaka mitatu.

"Nifundishe kusoma hii," Sugden alisema. "Nichukulie mimi ni mtoto wa darasa la nne."

"Darasa la nne wanaelewa haraka," Qureshi akajibu. "Haya. Namba hii ya juu ni ukinzani wa njia ya ardhi huko nje, kutoka mtaani mpaka mlangoni. Sifuri nukta mbili moja. Safu hii ni ukinzani wa nyaya za ndani, kila laini peke yake. Ukizijumlisha unapata ukinzani wa mzunguko mzima, kwa hesabu. Safu ya mwisho ni ule uliopimwa kwa mita, umeme ukiwaka."

"Kwa hiyo hesabu na kipimo vinalingana."

"Kwenye kitabu. Dukani havilingani. Ukipima ukweli wenyewe, umeme unasaidiwa na mabomba ya maji, ya gesi, chuma chochote kilichoungwa na ardhi. Kipimo karibu siku zote kinakuwa chini kidogo ya hesabu. Tazama mstari wa kwanza. Hesabu inatoa sifuri nukta saba tatu, tuiite sabini na tatu. Kimeandikwa sitini na moja. Wa pili, hamsini na tano. Kimeandikwa arobaini na tisa. Wa tatu vilevile, uko chini."

Sugden aliteremka na kidole. Wa nne chini. Wa tano, wa sita, chini. Kwenye wa saba kidole kilisimama.

"Arobaini na tatu na ishirini na moja," alisema polepole. "Sitini na nne."

"Na kimeandikwa sitini na nne kamili."

"Wa nane?"

"Chini. Wa tisa, wa kumi, chini."

Sugden aliinuka, akaenda dirishani, akarudi. Wale wanaomfahamu wanajua kwamba akitembea namna hiyo kuna mtu amekwisha.

"Hebu nisikilize. Aliyekaa akabuni karatasi nzima angejumlisha mistari yote kumi. Sivyo?"

"Naam. Ndivyo wavivu wanavyofanya, ndio."

"Na mzee anayesahau angeruka mstari na kuuacha wazi."

"Au angeandika namba ya ovyo."

"Lakini huyu alipima tisa kwa uaminifu wote, na mmoja akaupigia hesabu. Na mmoja huo ni uleule ulioua." Alipiga meza. "Hakusahau kuupima, Naheed. Aliupima. Akaona kumi na nne nukta sita. Ndiyo maana akaenda kutafuta namba nyingine."

Qureshi aliutazama tena mstari wa saba. "Sasa ni nani kati yao?"

"Wanatumia mita gani?"

Pickersgill alikuwa nazo zote mbili kwenye chumba cha vielelezo. Ya Wilf ilikuwa kongwe, imefungwa utepe mweusi, na namba yake ya kiwandani ndiyo iliyoandikwa kwenye karatasi ya ukaguzi. Haikuwa na kumbukumbu ya chochote. Ya Neville ilikuwa mpya. Qureshi aliigeuza mkononi.

"Hizi zinahifadhi kila kipimo zenyewe, na tarehe na saa. Mafundi wengi hawajui. Hawasomi kitabu cha maelekezo."

Aliiunganisha na kompyuta. Hawakusubiri hata dakika tano.

Neville alirudishwa kituoni saa nane mchana, safari hii akiwa mtuhumiwa, na wakili mwembamba kando yake. Sugden alimsomea haki zake: ana ruhusa ya kunyamaza, ila akinyamaza leo kuhusu jambo atakaloliegemea mahakamani, kunyamaza kwake kunaweza kumponza.

"Mita yako ni nzuri," alianza.

"Bosi alininunulia Krismasi."

"Alikupa zawadi nzuri. Uliitumia Halifax, Jumanne ile?"

"Nilibadilisha taa tu. Haikuhitajika."

"Hukuitoa hata kwenye mkoba?"

"Hapana."

Sugden alisukuma karatasi mbele yake. "Hii imetoka ndani yake. Jumanne, saa nne na dakika tano asubuhi, sitini na moja. Saa nne na dakika tisa, arobaini na tisa. Endelea kuzisoma mwenyewe. Ni mistari ya duka la Ogden, mmoja baada ya mwingine."

Neville alitazama. Jasho lilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Labda bosi aliichukua..."

"Umesema sasa hivi haikutoka kwenye mkoba wako. Soma saa nne na dakika thelathini na tatu."

Neville aliisukuma karatasi pembeni.

"Soma, Neville."

"Kumi na nne nukta sita."

"Dakika thelathini na nne?"

"Kumi na nne nukta sita."

"Dakika thelathini na sita ukarudia tena. Mara tatu. Wilf alikufundisha hivyo, ukiona namba mbaya rudia mara tatu kabla hujaiamini. Ukaiamini. Halafu?"

Wakili alimgusa mkono. Neville aliuondoa mkono wake.

"Halafu nikaandika sitini na nne," alisema.

"Dakika ishirini za kazi zilikushinda?"

"Si kwamba zilinishinda."

"Basi nini? Clifford alikukosea nini?"

"Clifford?" Alishangaa kweli. "Clifford hakunikosea chochote. Alinipa chai na samaki. Nampenda Clifford. Haikuwa kwa ajili ya Clifford."

Sugden alifungua jalada lake. Alitoa karatasi nyingine, barua fupi aliyoipata asubuhi kutoka kwa chama kinachosajili mafundi umeme. Kila mwaka mkaguzi wao huja kuangalia kazi za kampuni, na kampuni yenyewe ndiyo hupendekeza kazi za kuangaliwa.

"Wewe ndiye uliyetuma orodha. Duka la Ogden umeliweka la kwanza. Mkaguzi angekuja Jumanne ijayo."

"Ndiyo."

"Fundi gani anampeleka mkaguzi kwenye kazi anayojua ni mbovu?"

Neville alifunika uso. Alipoufunua, uso ulikuwa umezeeka.

"Angepima," alisema. "Angeona kumi na nne. Angeona saini ya bosi penye sitini na nne. Wangemnyang'anya cheti palepale, kwa heshima, kwa sababu ya umri. Kila mtu anajua anasahau. Angeenda nyumbani, apumzike. Kiungo ningekirekebisha mwenyewe siku hiyohiyo."

"Ili wewe ubaki na kampuni."

"Aliniahidi!" Sauti ilimpanda. "Nikiwa na miaka thelathini na tano aliniambia, mwakani nakuachia. Nikafika thelathini na sita, mwakani. Arobaini, mwakani. Mke wangu alichoka kulisikia neno hilo, akaondoka. Miaka kumi naamka nasikia mwakani. Nina kijana wangu mwenyewe ananiuliza, baba, lini gari litaandikwa jina lako kwanza? Bosi angefia kwenye ngazi, na mimi ningekuwa bado namshikia tochi."

"Ungeondoka ukafungua yako."

"Na nimwache? Baada ya yote?"

Alilisema bila kuona maana yake. Pickersgill, aliyekuwa anaandika, aliinua kichwa, akamtazama kama mtu aliyekanyaga kitu.

"Huku kusahau kwake," Sugden akasema. "Ni kweli?"

"Baadhi ni kweli."

"Na kwingine?"

"Nilimsaidia kidogo." Sasa alikuwa ananong'ona. "Nilihamisha bisibisi zake. Nilimwambia kuna miadi ameikosa, na haikuwepo. Alianza kuniuliza kila kitu. Neville, leo siku gani. Neville, hapa nilishawahi kuja."

"Siku ya kuzaliwa ya Clifford?"

"Marjorie alipiga simu karakana kusema wamesogeza saa na mahali. Sikumpa bosi ujumbe. Alienda ukumbi wa bendi akakuta pamefungwa. Nikamwambia, bosi, ulishaambiwa mara mbili."

Sugden alilifunga jalada. Marehemu alikuwa amekaa mwezi mzima na kinyongo kwa rafiki ambaye alisimama peke yake mbele ya mlango uliofungwa, akiwa na zawadi mkononi.

"Alhamisi, Neville. Zilibaki siku tano mkaguzi afike."

"Ile mota ilikuwa nzima! Siku ile niliipima, ilikuwa nzima kabisa. Bila hitilafu, ardhi mbovu haimuui mtu. Nilihesabu wiki nne. Mashine imekaa hivyo miaka, nikasema, wiki nne ni nini?" Alianza kulia, kilio kibaya cha mtu mzima. "Bosi anajua?"

"Nakwenda kumwambia."

"Usimwambie ile ya bisibisi. Tafadhali. Mwambie nilikosea kupima."

"Chukua sahihi yake, Sajini," Sugden akasema, akatoka.

Wilf Tordoff aliishi Mtaa wa Kilima, nyumba ya mwisho. Alimfungulia Inspekta akiwa amevaa suti nyeusi, ingawa mazishi yalikuwa bado wiki nzima. Alikuwa anaijaribu kama bado inamtosha. Sugden alikataa chai, halafu akaikubali, kwa sababu mzee alihitaji kuwa na kitu cha kufanya. Alimwacha ahangaike na birika mpaka akakaa.

"Hukwenda dukani siku ile, Bwana Tordoff. Hukusahau. Hukuwepo."

Mzee alishusha pumzi ndefu hadi mabega yakamshuka. Kwa kitambo kidogo uso wake ulipata nuru, ya mtu aliyerudishiwa akili zake, na kuambiwa kwamba hakumuua rafiki yake. Sugden aliichukia kazi yake.

"Nani alikwenda?" Wilf akauliza. Halafu nuru ikaanza kumtoka, kwa sababu walikuwa wawili tu katika kampuni hiyo.

"Alipima?" mzee akaendelea.

"Alipima."

"Alipata ngapi?"

"Kumi na nne nukta sita. Alirudia mara tatu."

"Mara tatu," Wilf akasema. "Ndiyo. Ndivyo inavyotakiwa." Alikizungusha kikombe juu ya sahani yake. "Halafu akakaza kiungo?"

"Hapana."

"Alimwambia Clifford asiiwashe?"

"Hapana, mzee."

"Alifunga vifaa vyake akaondoka? Clifford yuko pale anamwagia samaki siki, na yeye akaondoka?"

Sugden alimweleza yote, na ya bisibisi, na ya simu ya Marjorie. Aliona kwamba mzee amedanganywa vya kutosha. Wilf alisikiliza bila kumkatiza. Sugden alipofika kwenye siku ya kuzaliwa, mzee aliinua kiganja kilichopinda, kama mtu anayezuia gari.

"Jana nilikuwa muuaji asiye na akili," Wilf akasema. "Lakini nilikuwa na kijana wangu. Nilikuwa nimeshapanga nani ataniletea chai jela."

Alilivua koti la suti, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti cha pili.

"Afadhali ningekuwa nimesahau, binti," alisema. "Nakuapia. Afadhali ningekuwa nimesahau."